Karatasi 312 kwa shilingi 15,600? Wasomaji wauliza kuhusu ada za taarifa za serikali

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinalalamikia jambo moja. Mtu ameomba taarifa katika ofisi ya umma, hakukataliwa, ila ametajiwa bei inayomfanya aghairi mwenyewe. Majibu yetu yanategemea Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, nambari 31 ya 2016, iliyoanza kutumika Septemba 21 mwaka huo. Tukitaja kifungu bila maelezo mengine, ni cha sheria hiyo. Nambari za vifungu ziandikeni katika barua zenu, maana afisa akiiona nambari hubadilisha sauti.

Assalaam aleikum, Mhariri. Sisi ni wazee watano wa Shela. Tuliomba ofisi moja ya umma itupe mkataba, BQ (orodha ya kazi na vifaa pamoja na bei zake) na vyeti vya malipo vya gati lililokarabatiwa. Siku ya 18 ikaja barua ya mstari mmoja: "Lipeni shilingi 15,600 ndipo mpewe nakala." Tulipouliza, karani akasema ni karatasi 312 kwa shilingi 50, "pamoja na kazi ya kutafuta faili", na tutume kwa simu yake. Duka la fotokopi hapo nje linatoza shilingi 5. Tulipe?

Wa aleikum salaam, wazee wetu. Msilipe bado, na kwa simu ya karani msilipe kabisa.

Kifungu cha 12 kina mambo mawili. Kwanza, kupeleka ombi hakulipiwi hata senti. Pili, ofisi inaweza kutoza ada ya kutoa taarifa, lakini ada hiyo isizidi gharama halisi ya kutengeneza nakala na, inapohitajika, kuzifikisha kwa mwombaji. Gharama ya kutengeneza nakala ni karatasi, wino wa mashine na, kama mashine si yao, bei ya duka. Kutafuta faili si kutengeneza nakala. Wala saa za afisa, chai ya karani, mafuta ya gari la ofisi, au muda wa mwanasheria wao kusoma ukurasa kwa ukurasa akitia wino mweusi kuficha sehemu. Kazi hizo zinalipwa kwa mishahara. Kwa bei ya duka mliyoitaja, kurasa 312 ni shilingi 1,560. Mmetajiwa mara kumi.

Barua yenyewe nayo ina kasoro, na hapo ndipo pa kuanzia. Kifungu cha 11 kinasema ofisi ikikubali ombi ieleze kwa maandishi kiasi cha ada pamoja na hesabu iliyotumika kukifikia, njia ya kulipa, taarifa itapatikanaje baada ya malipo, na kwamba mwombaji anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala kuhusu kiasi hicho. Mstari mmoja wenye jumla tu hautoshi. Msibishane kaunta, kwa sababu maneno ya kaunta hayaachi alama kwenye faili. Andikeni hivi:

*"Tumepokea barua yenu ya tarehe fulani inayotutaka tulipe shilingi 15,600. Kwa mujibu wa kifungu cha 11, tunaomba hesabu ya kiasi hicho: idadi ya kurasa za kila waraka, bei ya kila ukurasa, na gharama nyingine yoyote ikitajwa peke yake. Tunawakumbusha kwamba kifungu cha 12 hakiruhusu ada kuzidi gharama halisi ya nakala. Wakati tukisubiri, tunaomba kukagua faili mahali lilipo na kuchagua kurasa tunazozihitaji. Tuko tayari kulipa gharama halisi kwa akaunti rasmi na kupewa risiti."*

Nendeni na nakala mbili. Ya kwanza iacheni, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mrudi nayo. Karani akisema mhuri haupo, andikeni chini tarehe, saa na cheo cha aliyepokea, kisha mwombeni atie sahihi. Akikataa hata hilo, piga picha ya barua na uitume tena kwa barua pepe ya ofisi siku hiyo hiyo.

Ukaguzi tunautilia mkazo kuliko jambo lolote jingine katika ukurasa huu. Watu wengi hulipia kurasa 300 kutafuta 20. Faili la ujenzi limejaa barua za kusindikiza, mialiko ya mikutano, na nakala tatu za waraka ule ule. Mkikaa nalo mezani, tazameni pembe ya juu kulia ya kila karatasi. Hapo huandikwa nambari ya folio, yaani nambari ya karatasi ndani ya faili. Andikeni nambari za folio mnazozitaka, chomekeni vipande vya karatasi mahali hapo, kisha ombeni nakala za hizo tu. Folio zikiruka, kwa mfano kutoka 41 hadi 47, liandikeni hilo pia na mwulize kwa barua. Kwa gati, anzeni na muhtasari wa BQ, ambao kwa kawaida uko mwishoni na unaonyesha jumla ya kila sehemu. Fuatisheni vyeti vya malipo, kila kimoja kikionyesha kazi iliyofanyika mpaka tarehe hiyo na kiasi kilichozuiwa, halafu cheti cha kukamilika. Mara nyingi hizo hazivuki kurasa 40.

Jina la mkandarasi, kiasi cha mkataba, upeo wa kazi na muda wake hazikupaswa hata kuombwa. Kifungu cha 5 kinaitaka ofisi izitangaze baada ya kutia sahihi, na mtu yeyote aweze kuzikagua bila malipo. Kabla ya kuandika ombi, pitieni tovuti ya zabuni ya serikali, tenders.go.ke. Agizo la Rais nambari 2 la 2018 liliziagiza ofisi za umma ziweke wazi habari za zabuni zao. Haziko zote, lakini kila ukurasa mtakaoupata huko ni ukurasa ambao hamtaulipia.

Kitu kimoja ofisi inaweza kuwa na haki nacho ni michoro. Karatasi kubwa ya mchoro wa gati haiingii kwenye mashine ya kawaida ya fotokopi. Hupelekwa duka la michoro, na bei yake ni ya juu. Ombeni michoro itajwe katika mstari wake, si kufichwa ndani ya wastani wa shilingi 50, au mridhike na PDF kama ipo. Faili ambalo tayari liko kwenye kompyuta halina gharama ya karatasi. Flashi ni yenu, na barua pepe haina nauli.

Mkishalipa kiasi kilicho sawa, kifungu cha 11 kinaipa ofisi siku mbili za kazi kutoa nakala, haina ruhusa ya kuzidisha. Risiti iwe ya ofisi, yenye nambari. Fedha zilizokwenda kwenye simu ya mtu zikikanwa kesho, hamna cha kuonyesha.

Shikamoo. Nilikwenda kuomba ripoti ya ukaguzi wa kisima cha kijiji chetu, karibu na Mambrui. Nikaambiwa ninunue fomu ya ombi, shilingi 200, na ijazwe kwa Kiingereza. Mimi sikusoma sana.

Marahaba, mwanangu. Fomu haiuzwi. Shilingi 200 hizo ni ada ya kupeleka ombi kwa jina jingine, na kifungu cha 12 kimeikataza. Kifungu cha 8 kinaruhusu ombi la Kiswahili au la Kiingereza, na kinasema ombi lisikataliwe kwa sababu tu halikuandikwa kwenye fomu yao. Karatasi ya daftari inatosha, maadamu ieleweke unachotaka: ripoti gani, ya kisima kipi, ya mwaka gani.

Na kwa kuwa unaona shida kuandika, afisa ana wajibu wa kukuandikia unayoyasema na kukupa nakala yake. Akikataa kumsaidia asiyeweza kuandika, au akikataa kupokea ombi, anatenda kosa chini ya kifungu cha 28, lenye faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Mwambie kwa upole. Si lazima uanze na kifungo.

Mpwa wangu yuko Marekani. Alinitumia barua ya mfano ya kuombea taarifa, nikaijaza na kuipeleka ofisini Malindi. Niliomba "kusamehewa ada kwa maslahi ya umma" na "kurasa 100 za kwanza bure". Afisa alicheka. Kwani alikosea?

Kucheka alikosea. Kuhusu barua, alikuwa na hoja. Hizo ni kanuni za sheria ya Marekani ya 1966. Kule waombaji wamegawanywa makundi, na asiye wa biashara hapewi bili ya saa 2 za kwanza za kutafuta wala kurasa 100 za kwanza. Anaweza pia kuomba asamehewe ada kwa maslahi ya umma. Kule saa za kutafuta zinaweza kutozwa, ndiyo maana wanahitaji misamaha hiyo. Kwetu saa za kutafuta hazimo katika ada, kwa hiyo ulipoomba usamehewe, ulikuwa kama unakubali kwamba zinatozwa. Jihadharini sana na barua za mfano za nje. Andika upya, barua ya nusu ukurasa, utaje Ibara ya 35 na vifungu vya 8 na 12. Mpwa wako mshukuru kwa nia.

Mhariri, nina shamba katika mradi wa makazi upande wa Magarini. Nimelipia upekuzi wa hati, tena nimelipia nakala iliyothibitishwa. Nimesoma kwamba taarifa za serikali ni bure. Nirudishiwe?

Hapana, ndugu. Hapa watu wengi huchanganya vitu viwili. Upekuzi rasmi wa hati ni huduma ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, na una ada yake maalumu. Unalipia cheti chenye mhuri ambacho benki na mahakama zitakikubali. Sheria ya 2016 haikufuta ada za namna hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa kumbukumbu zilizoko kwenye mamlaka ya mazingira, ambazo sheria yao wenyewe inataja ada.

Lakini kuna mambo ya mradi wa makazi ambayo si upekuzi wa hati yako: ramani ya mradi, idadi ya vipande, vigezo vilivyotumika kugawa, kumbukumbu za vikao vya kamati. Hayo yaombe kwa sheria ya 2016, na ada yake ni nakala tu. Usiandike "taarifa zote za mradi". Ombi la namna hiyo huzaa bili kubwa na pia humpa afisa sababu halali ya kuomba siku 14 zaidi. Andika: "kumbukumbu za vikao vya kamati ya ugawaji kuanzia Januari hadi Desemba mwaka fulani."

Orodha ya waliogawiwa ina majina ya watu na nambari za vitambulisho vyao, na kifungu cha 6 kinalinda faragha. Jibu sahihi la ofisi si kukunyima yote, ni kukupa nakala iliyofichwa sehemu hizo. Wakikutoza "kazi ya kuficha", rudi kwenye jibu tulilowapa wazee wa Shela.

Sisi tuko Faza. Ofisi iko bara. Wametukubalia nakala lakini wanataka tulipie mtu wa kuzileta, kwenda na kurudi, boti na chakula chake. Ni haki?

Gharama ya kufikisha nakala imo katika kifungu cha 12, hivyo hawakuitoa hewani. Ila ni gharama *halisi* na *inapohitajika*. Kama nyinyi hamkuomba mletewe, haihitajiki. Waandikieni kwamba mtamtuma mtu wenu anayesafiri, awe na barua yenye sahihi zenu na nakala ya kitambulisho, au wawape nahodha bahasha iliyofungwa kwa nauli ya mzigo mdogo. Nafuu zaidi, wapige skani na kutuma kwa barua pepe. Skani ya kurasa 60 ikiwa nzito, waigawe mara tatu. Chakula cha mjumbe hakimo popote katika sheria.

Na kama mnaleta ombi jipya, wekeni tangu mwanzo sentensi hii: "Naomba taarifa kwa PDF kwa barua pepe, kama haiwezekani, naomba kukagua kwanza." Maneno hayo yangewaondolea barua tatu.

Nasimamia kikundi cha vijana Malindi na pia naandikia gazeti. Ofisi ina bei mbili: raia shilingi 10 kwa ukurasa, "vyombo vya habari na mashirika" shilingi 100. Tena wanauliza tunataka taarifa za nini.

Gharama ya karatasi haibadiliki kwa kazi ya anayeipokea. Bei mbili haziwezi zote kuwa gharama halisi. Waombeni wataje kanuni iliyoweka viwango hivyo, kwa nambari yake. Waziri ndiye aliyepewa mamlaka ya kuweka ada kwa kanuni, si mkuu wa idara kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kuhusu "mnataka ya nini", kifungu cha 4 kinasema haki hiyo haiathiriwi na sababu unayoitoa, wala na sababu ambayo ofisi inadhani unayo. Usijibu kwa hasira. Usijibu kabisa.

Jambo la kikundi linataka uangalifu. Haki ni ya raia. Mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya jarida la Nairobi Law Monthly dhidi ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, Mahakama Kuu iliona kwamba kampuni si raia kwa ajili ya Ibara ya 35. Sheria ya 2016 ikapanua maana, ikaingiza na taasisi binafsi inayodhibitiwa na raia mmoja au zaidi. Bado tunashauri ombi liandikwe kwa jina lako na nambari ya kitambulisho chako, kikundi kitajwe chini. Linaziba mlango ambao mwanasheria wa ofisi angeutumia kukupotezea miezi.

Kampuni moja inayochimba kaskazini ya Malindi inasema sheria hii ni ya serikali, na tukitaka takwimu za mazingira tulipe shilingi 25,000 za "ushauri wa kitaalamu".

Sheria inagusa pia taasisi binafsi: inayotumia fedha za umma, inayotoa huduma ya umma, yenye mkataba wa peke yake wa kuvuna maliasili, au yenye taarifa muhimu kwa umma kuhusu mazingira, afya au haki za binadamu. Kifungu cha 12 kinazitaja taasisi binafsi pamoja na ofisi za umma, na kipimo cha ada ni kile kile. Ushauri hamkuuomba. Mmeomba nakala.

Ombeni kwa njia mbili kwa pamoja, kwa kampuni na kwa mamlaka iliyoipa leseni, maana ripoti ya tathmini ya mazingira iko kote kuwili. Hapa pwani tuna ushahidi wa uzito wa karatasi hizo. Aprili 2018 Mahakama Kuu, katika kesi ya Mohamed Ali Baadi kuhusu bandari ya Lamu, iliona kwamba haki ya wakazi ya kupata taarifa ilikiukwa. Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya mradi wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa umma haukushirikishwa ipasavyo.

Niliomba Machi 3. Machi 20 wakanitajia ada, nikaipinga kwa barua, tangu hapo kimya. Nangoja nini?

Usingoje, bibi. Hesabu yako ni hii. Ofisi ina siku 21 za kuamua, kwako zilikwisha Machi 24. Ingeweza kuongeza siku 14 mara moja tu, hadi Aprili 7, na ikuandikie. Pale uhai au uhuru wa mtu uko hatarini, muda ni saa 48. (Kifungu cha 11 kinataja siku 15 za kazi kwa barua ya kukubali ombi na ada. Usibabaike, siku 15 za kazi ni wiki tatu, zile zile 21, kama hakuna sikukuu katikati.) Kimya kikipita muda huo, sheria inahesabu umekataliwa.

Kifungu cha 14 kinakupa siku 30 kupeleka mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, na kutozwa ada au kiasi cha ada ni sababu inayotajwa waziwazi. Siku 30 zinaanza ulipojulishwa uamuzi. Kwa barua ya Machi 20 mwisho ni Aprili 19, ingawa kwa kimya ungeweza kudai hadi Aprili 23. Shika ya kwanza. Barua za kubishana na ofisi hazisimamishi saa. Tume inaweza kuongeza muda, lakini usiende ukiwa unaomba huruma.

Malalamiko kwa Tume hayalipiwi. Ina ofisi Mombasa, si lazima Nairobi. Fungasha hivi: ombi lenye mhuri, barua ya ada, barua yako ya kupinga, na karatasi ya bei kutoka duka lolote la fotokopi, iliyogongwa mhuri wa duka. Hiyo ya mwisho watu huisahau, nayo ndiyo inayoonyesha gharama halisi kwa tarakimu. Juu yake andika ukurasa mmoja: ulichoomba, lini, ulichotozwa, unachoona ni sawa, na unachotaka Tume iamuru. Usiandike historia ya ugomvi wenu na karani.

Tume inaweza kuwaita maafisa na kuamuru taarifa itolewe. Asiyeridhika ana siku 21 kwenda Mahakama Kuu, na ya Malindi iko karibu nawe. Zikipita bila rufaa, unaweza kuiomba mahakama hiyo ruhusa ya kutekeleza amri kama hukumu yake. Kwa hiyo amri ukiipata, andika juu ya bahasha tarehe ambayo ofisi imekabidhiwa.